Wavulana watano wa dawati la nyuma: nifanyeje wasome, si wanyamaze tu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Biolojia katika sekondari ya kata mkoani Singida, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Kidato cha Pili C nina wanafunzi 74 na vitabu 12. Nyuma kabisa, upande wa dirishani, wanakaa wavulana watano ambao wamenishinda. Wanapiga meza, wanawatania wasichana wanaojibu maswali, na mmoja huigiza ninavyotamka maneno ya Kiingereza mpaka darasa zima linaangua kicheko. Nimewatoa nje, nimewapigisha magoti, nimewapeleka kwa mwalimu wa nidhamu wakachapwa. Wanatulia siku mbili, kisha wanarudi palepale. Ofisini naambiwa mimi ni mpole mno. Ninachotaka si wanyamaze tu, nataka wasome. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kazi.

Barua nyingi za namna hii huomba dawa ya kelele, na dawa ya kelele haina ugumu. Mwalimu yeyote mwenye sauti nene na fimbo ya mpera mkononi hulinyamazisha darasa kabla hajafika mezani. Wewe umeomba kitu kigumu zaidi, ndiyo maana nitakujibu kwa urefu. Msimamo wangu nautoa mapema ili ukiona haukufai usipoteze muda: wengi wa wasumbufu wa kidato cha kwanza na cha pili hawakulikataa somo. Somo ndilo lililowaacha stendi, na sasa wanafanya kila mbinu watu wasigundue kwamba hawamo ndani ya basi.

Kijana wa miaka kumi na tano akilazimika kuchagua kati ya kuonekana mkorofi na kuonekana mjinga, atauchagua ukorofi bila kufikiri mara mbili. Mkorofi ana cheo chake kule nyuma. Anachekewa, anaogopwa, kila mtu anamjua kwa jina. Anayeulizwa swali akasimama bila neno hana chochote.

Kwa hiyo usibadilishe kitu bado. Kusanya madaftari kwanza. Kusanya ya darasa zima ili wale watano wasijione wamelengwa, kisha yatoe ya kwao uyasome taratibu, la notisi na la mazoezi. Usitafute mwandiko mzuri, tafuta mahali kazi ilipoishia. Kuna daftari ambalo notisi zake zimenakiliwa zote, nukta kwa nukta, na mazoezi ni matupu: huyo mkono unafanya kazi, ila anachokinakili hakielewi. Kuna lililokwenda vizuri mpaka Machi likakatika, na hapo ujiulize Machi kulitokea nini nyumbani kwao. Kuna lenye majibu sahihi yaliyoandikwa haraka haraka, halafu ukurasa mzima wa michoro ya magari na nembo za timu: huyo alimaliza mapema na hukuwa na kingine cha kumpa. Na yuko asiye na daftari kabisa, anaishi kwa karatasi za kuchana kwa jirani. Vijana watano wanaopiga meza moja wanaweza kuwa na sababu tano, na dawa ya mmoja ikamharibu mwingine.

Baada ya madaftari, waite wakati wa mapumziko, mmoja mmoja, kwa siku tofauti. Chukua aya fupi ya kitabu cha Biolojia, mistari minne au mitano kuhusu jani, umwambie asome kwa sauti ya chini kisha akueleze kwa Kiswahili aya hiyo inasema nini. Halafu funga kitabu umuulize jambo lilelile kwa Kiswahili: mmea unapata wapi chakula chake? Usiandike alama. Akishindwa kitabuni lakini akakueleza vizuri kwa mdomo kwamba jani linatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa, basi Biolojia anayo. Kiingereza ndicho kilichomfungia mlango. Akishindwa kote kuwili, ana pengo la somo lenyewe. Akiweza kote, ama anachoshwa na kasi yako, ama ana lake la nyumbani. Na ukikuta hata sentensi ya Kiswahili anaikokota herufi kwa herufi, jambo hilo limezidi kipindi chako. Mfikishe kwa mwalimu wa taaluma na mwalimu wa Kiswahili wapange muda wa kumfundisha kusoma, kwa sababu hakuna mbinu ya Biolojia itakayomfaa kabla ya hapo.

Nakutabiria kwamba aina ya kwanza, ya waliofungiwa mlango na Kiingereza, ndiyo utakayoikuta zaidi. Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi wako alijifunza usanisinuru, yaani jinsi jani linavyotengeneza chakula, akiwa shule ya msingi, akaujibia mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, akafaulu, akashonewa sare. Miezi michache baadaye jani lilelile na jua lilelile vikarudi ubaoni vikiwa na majina ambayo hajawahi kuyasikia. Zile wiki za kozi ya awali ya Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza humsaidia mwenye msingi tayari. Asiye nao hutoka akijua kusalimia na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia uitwao LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vikuu vya Oslo, Norway, na Western Cape, Afrika Kusini, uliwahi kulinganisha vipindi vya kidato cha kwanza vya Kiingereza na vya Kiswahili, Biolojia ikiwa mojawapo ya masomo. Kwa Kiswahili wanafunzi waliuliza, wakabishana, wakajieleza. Kwa Kiingereza wengi walikaa kimya. Wale watano wako hawakukubali kukaa kimya, basi.

Ongeza na wingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulisambaza sekondari za kata, na mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Nayahesabu haya kuwa mema makubwa. Watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba leo wako mbele yako. Ila wako mbele yako 74, na chuo ulichosoma kilikuandaa kana kwamba watakuwa arobaini.

Nikuambie ningeanza na nani: yule anayekuigiza. Huwezi kuigiza usichokisikiliza. Huyo kijana amekaa nyuma ya watu sabini, anakunasa silabi kwa silabi, tena kwa lugha ambayo wenzake hawaisikii sawasawa. Sikio lake huenda ndilo kali kuliko yote darasani. Nitarudi kwake.

Sasa tuje kwenye kipindi chenyewe. Weka karatasi mezani, na kila kelele zinapoanza andika ni dakika ya ngapi na ulikuwa unafanya nini. Fanya hivyo kwa vipindi vya wiki nzima. Utaona hazianzi ovyo. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani aliyerekodi madarasa kwa video, alichapisha mwaka 1970 matokeo ambayo hadi leo hayajazoeleka masikioni mwa walimu: namna mwalimu anavyokaripia haikuyatenganisha sana madarasa tulivu na yenye vurugu. Kilichoyatenganisha kilitokea kabla ya karipio. Mwalimu wa darasa tulivu aliwafanya wanafunzi waamini kwamba anaona kila kona, aliweza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na somo lake halikuwa na vipande virefu vya kusubiri.

Kwako, kipande kirefu cha kusubiri ni ubao. Vitabu 12 kwa wanafunzi 74 maana yake unanakili kitabu ubaoni, umewapa mgongo, nusu ya dakika 40 inakwenda. Anayeandika haraka anamaliza na kukaa bure. Asiyeona vizuri kutoka nyuma anauliza jirani, jirani anamsukuma, meza inapigwa. (Na kweli, mjaribu kila mmoja wao kusoma neno dogo ubaoni akiwa palepale alipokaa. Inasikitisha ni mara ngapi mkorofi wa nyuma anageuka kuwa mtoto anayehitaji miwani.) Notisi ndefu ziandike nyumbani kwenye karatasi ya manila, uitundike mwisho wa kipindi, monita aibakize ukutani wanakili baadaye. Ubaoni yabaki maswali na maneno mapya sita au saba.

Ukiingia, swali liwe tayari limeandikwa, tena jepesi kiasi kwamba hata aliyepotea analiweza. Kwa mkoa wako ninalo moja zuri: kwa nini hakuna anayepanda alizeti chini ya mwembe? Liandike kwa Kiingereza chepesi na chini yake kwa Kiswahili. Dakika tatu, kila mtu ajibu kwenye daftari kwa lugha yoyote, hata kwa mchoro. Wewe uko huru sasa kutembea. Anzia upande wa dirishani, na usianze kwa kufoka. Weka vema ya wino mwekundu kwenye jibu lolote lenye maana ndani yake. Mtoto wa mkulima ana jibu. Huenda ikawa vema yake ya kwanza tangu aingie sekondari.

Halafu wape dakika mbili wazungumze na jirani kwa Kiswahili. Ruhusu kabisa. Najua shuleni kwenu huenda kuna kibao getini kinachoamuru Kiingereza tu, na pengine kuna mwanafunzi anayeorodhesha wanaokiuka. Najua pia mthibiti ubora anaweza kuingia. Iandike hatua hiyo wazi kwenye andalio la somo: wanajadili kwa Kiswahili, wanawasilisha kwa Kiingereza. Ukiulizwa, unaonyesha mpango. Hujateleza kwenye lugha, umeitumia. Kwa kuwasilisha, wape ubaoni mwanzo wa sentensi ya Kiingereza ambao wao wanaumalizia kwa neno moja au mawili. Wiki zinavyokwenda unafupisha mwanzo huo na wao wanarefusha mwisho. Kukiacha Kiingereza haiwezekani, kwa sababu Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hautawauliza kwa Kiswahili.

Ukishauliza swali, subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi huko Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya swali kabla ya kuita mtu mwingine au kujibu wenyewe. Ulikuwa kama sekunde moja. Walipozoezwa kusubiri tatu au zaidi, majibu yakarefuka, waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia, na hata makaripio darasani yakapungua. Sekunde tatu mbele ya vijana 74 ni ndefu kuliko unavyodhani. Hesabu kimoyomoyo. Anayefikiria katika lugha mbili anahitaji hata tano: alielewe swali, alipeleke kwenye Kiswahili, alipate jibu, alirudishe. Ukimkata katikati ya safari hiyo mara kumi, mara ya kumi na moja hatasafiri tena.

Karipio bado lipo, ila lifupishe. Ukisikia meza inapigwa, sogea pale, taja kazi na si tabia: "Swali la pili, umefika wapi?" Kisha endelea na darasa. Hotuba ya dakika tano kuhusu wazazi wanaohangaika na jembe inawaadhibu wale 69 ambao hawakufanya kitu, na inawapa watano jukwaa.

Kosa moja tu ningelikataa kwa sauti ya juu, mbele ya wote, kila linapotokea: kumcheka anayejibu. Meza ikipigwa somo linaweza kuendelea, lakini msichana aliyechekwa mara mbili hatanyoosha mkono tena mwaka huo, na aliyekaa jirani naye amejifunza kutonyoosha kabisa. Liseme siku ya kwanza, lisimamie siku zote, na usilitie mzaha hata anayechekwa akicheka pia.

Kazi yenyewe iweje? Nikupe mfano mmoja wa usanisinuru. Wiki tatu kabla ya mada, panda maharage kwenye makopo, kopo moja kwa kila kundi la watu sita au saba, na uwatawanye wale watano katika makundi matano. Usiwahamishe kama adhabu. Siku hiyo darasa zima linapangwa upya kwa makundi, na wao wanapangwa kama wengine. Kila mmoja wao apewe kopo la kundi lake kulimwagilia na kuandika kwenye daftari lini limechipua, lina majani mangapi. Hao ni watoto wa wakulima wa alizeti na vitunguu, kuna mambo ya mmea watakayokueleza wewe. Siku mbili kabla ya jaribio makopo yanafungiwa kabatini gizani ili wanga uliomo majanini uishe. Kisha jani moja linafunikwa sehemu, juu na chini, kwa karatasi nzito nyeusi au ile ya kung'aa ya pakiti ya sigara, mmea unawekwa juani saa kadhaa. Darasani jani linachovywa kwenye maji ya moto, linatolewa rangi ya kijani kwa spiriti iliyopashwa ndani ya maji ya moto, linasuuzwa, linadondoshewa ayodini. Palipopata jua panageuka bluu iliyokoza karibu na nyeusi, palipofunikwa panabaki kahawia ya ayodini yenyewe. Spiriti inashika moto upesi: jiko lizimwe kwanza, na hatua hiyo uifanye wewe mwenyewe mezani kwako, si mwanafunzi yeyote, hata yule mtulivu kuliko wote.

Kabla ayodini haijadondoshwa, kila kundi liandike litaona nini na kwa nini. Hapo ndipo kelele zinapokuja, na ni kelele unazozitaka. Aliyeweka dau kwamba jani lote litageuka bluu atalitazama lile jani kuliko alivyowahi kutazama ubao wako. Huna maabara? Ayodini na spiriti ni vitu vya duka la dawa, maharage ni ya sokoni. Huna hela? Mwone mkuu wa shule mapema, usisubiri asubuhi ya kipindi.

Watu watakushauri umpe mkorofi uongozi, umfanye monita. Mimi sikubaliani na ushauri huo ingawa umeenea. Mkorofi akifanywa monita hujifunza kitu kimoja, kuandika majina ya wapiga kelele, na sote tuliosoma shule hizi tunajua orodha ile inavyoandikwa: rafiki hayumo, adui ameandikwa mara tatu, na jina hufutwa kwa andazi. Kwa darasa lako ningeifuta orodha hiyo kabisa. Mpe jukumu linalopitia ndani ya somo lenyewe, ambalo hawezi kulifanya bila kuelewa kitu. Kutunza kopo ni mfano, kusoma matokeo ya kundi ni mwingine.

Sasa yule mwigizaji. Mwite peke yake, mahali pa wazi ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii, chini ya mti au barazani, si ofisini mbele ya walimu wenzako ambako atalazimika kujitetea kiume. Usimuulize kwa nini anapiga kelele. Jibu lake litakuwa "Sijui, madamu," na hasemi uongo. Fungua daftari lake mwonyeshe ulichokiona: "Hapa mpaka hapa umeandika kila kitu. Kuanzia hapa hakuna. Palitokea nini?" Unyamaze. Mwache aseme au asiseme. Kuhusu kuigiza, mwambie waziwazi: "Unanisikia vizuri kuliko wenzako. Kuanzia wiki ijayo, maneno mapya nikishayatamka, wewe utayarudia darasa likufuate. Ukitaka kunicheka, hapo hapafai. Ukitaka kuwasaidia, nafasi ni yako." Mpe maneno siku moja kabla ili asiabike. Wapo watakaolikataa pendekezo hilo. Likikataliwa usilazimishe, na usimkomeshe kwa kumwita ubaoni kwa swali usilotarajia alijibu. Mwalimu anayeshindana na mwanafunzi kwa vichekesho mbele ya darasa hushindwa hata akishinda.

Kuhusu viboko nitakuwa mkweli, ingawa ofisi nyingi za walimu hazipendi kusikia. Kanuni zetu, za mwaka 1979 na marekebisho ya 2002, zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu, visizidi vinne kwa mara moja, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kupiga meza kukiingizwa kwenye fungu hilo kila wiki, kanuni imeshavunjwa. Kenya waliondoa adhabu hiyo shuleni mwaka 2001 na shule hazikufungwa. Lakini hata tukiiweka sheria pembeni, majibu unayo: siku mbili, kisha palepale. Kumtoa nje nako kwa aliyepotea somo ni zawadi, maana kitu anachokiogopa ni swali lako, na wewe umemwondoa mahali swali lilipo. Anayejua hilo atapiga meza dakika ya tano ya kila kipindi.

Wanaokuita mpole wamechanganya upole na ulegevu. Mlegevu husema leo na kusahau kesho. Endelea kuwa mpole, ila ukisema madaftari yatakusanywa Ijumaa, yakusanywe Ijumaa.

Yapo yanayotoka nje ya geti, na hayo nayapitia kwa haraka kwa kuwa wewe si wa kuyatatua peke yako. Uliza kama anakula mchana. Kipindi cha saa saba kwa mtu aliyetoka nyumbani alfajiri bila chai ni kipindi kingine kabisa. Uliza kama anaishi gheto, chumba cha kupanga karibu na shule, bila mtu mzima wa kumuuliza amelala saa ngapi. Uliza kama usiku anaendesha bodaboda ya mtu. Ukisikia kipigo cha nyumbani, ulevi au jambo la kumdhuru, usilifanye siri yenu wawili. Mpeleke kwa mwalimu wa malezi, na shule imtafute afisa ustawi wa jamii. Kwa wazazi, piga simu ya kwanza ukiwa na jambo jema la kusema, hata dogo: "Mama, leo kijana wako ametunza mmea wa kundi lao vizuri." Mzazi wa mkorofi huona namba ya shule akaanza kutetemeka. Simu ya pili, ya matatizo, itapokelewa vingine.

Usitarajie watano wote. Wawili au watatu utawaona wamebadilika ndani ya muhula, mara nyingi wale waliofungiwa mlango na lugha. Mwenye pengo la somo atachukua muda, na kwa huyo kazi ya nusu saa baada ya masomo, mara moja kwa wiki, pamoja na wengine kumi wasiosumbua lakini wenye pengo lilelile, ina thamani kuliko yote niliyoandika hapa. Hao kumi wapo, mwalimu. Wamekaa kimya katikati ya darasa, na barua yako haikuwataja. Anayechoshwa mpe swali gumu la pembeni kila kipindi na kitabu kimoja kati ya vile 12 aende nacho nyumbani. Na mmoja huenda akaendelea kukusumbua hadi amalize shule. Usipime kazi yako yote kwa huyo.

Ipime kwa madaftari. Kila baada ya wiki mbili rudi kwenye yale matano uone mstari wa mwisho umesogea mpaka wapi, ni maswali mangapi yamejaribiwa, hata kama yamekosewa. Jibu lililokosewa kwa mwanafunzi ambaye Februari hakuandika chochote ni hatua, liandikie maelezo, usilichore mkasi mwekundu tu.

Jambo la mwisho ni la kiofisi. Wiki ya maharage na siku ya ayodini darasa lako litasikika mpaka ofisini, na mwalimu wa chumba cha pili atakuja kugonga dirisha. Mweleze yeye na mkuu wa shule siku moja kabla, uwaombe wapite waone. Mkuu wa shule akifika, usimkaribishe mbele. Mpeleke kwenye kundi lililo na yule mwigizaji, amuulize kijana mwenyewe kwa nini sehemu moja ya jani imekataa kugeuka rangi.